Mama Gundi na Selotepu ya Bosi

Kubandua kunachosha kuliko kubandika. Ukibandika, mkono unakwenda wenyewe na akili inapumzika. Ukibandua, unaogopa hata pumzi yako, maana ukipumua vibaya karatasi imechanika na maandishi yake yamekwenda nayo. Mama Gundi alikuwa mezani tangu asubuhi, shingo imekakamaa kama mpini wa jembe, akibandua selotepu alizozibandika mwenyewe miaka ya nyuma.

Kazi yake ilikuwa kutibu karatasi za serikali. Jumba zima lilikuwa la karatasi. Chini masjala, juu rafu juu ya rafu, majalada ya mipaka ya mashamba, kesi za zamani, vizazi na vifo, mpaka vibali vya kuchinja ng'ombe waliokwishaliwa na watu ambao nao wamekwishazikwa. Karatasi ikichanika, ikinyeshewa, ikitafunwa na mchwa, ilishushwa kwa toroli hadi chumba cha matengenezo, mwisho wa korido, jirani na choo kisichofungika. Humo ndimo alimokaa Mama Gundi na brashi zake, mkasi, na sufuria ndogo ya kupikia gundi ya wanga. Gundi hiyo hupikwa kama uji hasa, na hakuna mpita korido aliyeweza kupita bila kutia neno.

"Mama Gundi, leo uji tunakunywa sisi au karatasi?"

"Karatasi. Nyie bado hamjachanika."

Hakuwa amesoma. Tarakimu alizijua, kwa hiyo kurasa alizipanga kwa namba zake na hazikumpotea. Herufi zilimpita kama magari ya barabara kuu, anayaona, hapandi. Aliingia jumba lile kama mfagizi, baada ya mumewe kuhama na kitanda. Si maneno ya kupamba. Mwanamume alihama na kitanda chenyewe, akamwachia godoro na binti mdogo. Sababu aliyowatangazia watu ni kwamba hawezi kuzeeka na mke asiyejua kusoma hata gazeti. Mke aliyemwoa baadaye naye gazeti alifungia sabuni tu, lakini hilo halikumkosesha mtu usingizi.

Aliyemtoa kwenye ufagio alikuwa bosi wa jumba wakati huo, mwanamume mrefu aliyevaa tai hata Jumamosi, na kwa hiyo watu walimwita Bosi Tai akiwa hayupo. Siku moja alimkuta mfagizi huyo amechuchumaa koridoni, anaunganisha ukurasa uliochanika kwa kufuata mapengo yake, kama mtu anayemrudishia mtoto jino. Akasimama akatazama.

"Una mkono mwepesi wewe," akamwambia. "Kesho usishike ndoo. Nitakutafutia kiti."

Na kweli kiti kilipatikana. Mwanamke aliyechuchumaa tangu utoto wake, magoti yakilia kama bawaba za mlango mkuukuu, akaketi. Kwa kiti kile alimwombea Bosi Tai dua ambazo hata mamake mzazi hakumwombea. Na dua hizo ndizo zilizomfumba macho.

Sasa, katika jumba lile hakuna jambo linalokwenda bila karatasi. Hata balbu ikiungua, huandikwa dokezo, dokezo hupanda ghorofani, husainiwa, hushuka, na balbu bado imeungua. Kila mtu aliagizwa kwa maandishi isipokuwa Mama Gundi. Yeye aliagizwa kwa mdomo.

"Nikikuandikia wewe, nitakuwa namwandikia nani?" Bosi Tai alisema siku moja mbele ya watu, nao wakacheka. Na yeye akacheka. Mtu hucheka na kundi, kisha huenda nyumbani akakumbuka kilichochekwa.

Ikatokea wageni wakubwa wanakuja kukagua jumba. Bosi Tai akaingia chumba cha matengenezo mikono kiunoni.

"Huo uji wako unakauka lini?"

"Kesho, bosi. Keshokutwa, mvua ikinyesha."

"Wageni hawangoji uji."

Mchana huo mpagazi wa jumba akaja na katoni begani. Huyu watu walimwita Kidevu, kwa sababu hakuwa nacho. Uso wake uliishia mdomoni na kuanzia hapo ilikuwa shingo. Akaitua mezani, Bosi Tai akaipasua kwa ufunguo wake mwenyewe. Selotepu, imejaa mpaka juu.

"Bandika zote zilizochanika. Nataka zing'ae."

"Bosi, na hii haitachafua baadaye?"

"Hii ni mali ya ng'ambo, Mama. Wewe bandika."

Akabandika. Wageni wakaja, wakapapasa kurasa, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, Bosi Tai akapigwa picha. Wageni wakaondoka lakini katoni hazikukoma, kwa kuwa kazi ya haraka hupendeza katika ripoti. Mama Gundi akavikwa kilemba cha ukoka kila mwisho wa mwaka: mfanyakazi hodari, mpigieni makofi, kaa chini.

Miaka ikapita juu ya zile karatasi. Selotepu ikageuka rangi, ikawa kama chai nyepesi, kisha kama chai iliyosahauliwa jikoni. Gundi yake ikazama ndani, wino ukayeyuka, ukurasa ukashikana na mwenzake. Bosi Tai hakuyaona hayo. Alikwishapandishwa cheo, akawa Mkurugenzi, ofisi yake juu kabisa ambako karatasi hufika zikiwa safi.

Aliyeyaona ni yule msichana aliyeletwa kusimamia chumba cha matengenezo, aliyesomea mambo hayo chuoni. Wote walimwita Mtaalamu, wengine kwa heshima na wengine kwa kijembe. Siku yake ya kwanza alifungua jalada, akafumba macho, akasema, "Nani aliyefanya unyama huu?"

"Mimi," alisema Mama Gundi.

Msichana akamtazama mwanamke anayeweza kumzaa. "Basi njoo, mama, tuanze kubandua."

Toka siku hiyo walibandua, mmoja upande huu wa meza, mwingine upande ule. Kisu kinapashwa moto kidogo, kinapitishwa chini ya selotepu taratibu, kama unavyomtoa mwanao aliyelala kifuani. Maneno yao yalikuwa machache. Leta pamba. Pole, hapo pamegoma. Mama Gundi hakumpenda wala hakumchukia. Hakuwa na nguvu za kuchagua.

Kisha mahakama ikaomba jalada la mpaka wa kiwanja cha shule moja, kwa kuwa majirani walikuwa wakikivamia uzio kwa uzio. Jalada likafunguliwa mbele ya hakimu, na mahali penyewe pa mpaka palikuwa na baka la kahawia. Hakimu akaandika barua yenye moto: aliyeharibu ushahidi wa serikali ni nani? Barua ikapanda mpaka kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaunda kamati ya nidhamu, mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

"Mama, kamati ni Alhamisi," Mtaalamu alimwambia bila kuinua kichwa kwenye kazi. "Wakiamua kwamba ulifanya kwa kichwa chako, watakurudisha kwenye ufagio. Ngazi zote, chini mpaka juu."

"Kwa magoti haya?"

"Kwa magoti hayo hayo. Uliagizwa?"

"Niliagizwa."

"Kuna dokezo?"

Mama Gundi akacheka pumzi tupu. "Mimi na dokezo wapi na wapi?"

"Shahidi je?"

Shahidi alikuwepo. Akamfuata Kidevu chini ya ngazi, alikokuwa akila mkate mkavu juu ya toroli lake.

"Kidevu, ile katoni ya kwanza uliileta wewe. Na bosi aliipasua mbele yako."

"Kwa ufunguo wa gari, dada. Namwona mpaka leo."

"Utasema?"

"Wewe unaniuliza mimi?" Akajipiga kifua, makombo yakaruka. "Dada, nilizaliwa bila kidevu, sikuzaliwa bila ulimi."

Akamwamini. Sijui kwa nini tunaendelea kuwaamini. Labda kwa sababu kutoamini nako kunataka nguvu.

Alhamisi ikafika. Kamati iliketi kwenye chumba chenye zulia na feni, wakubwa upande mmoja, Mama Gundi peke yake upande wa pili. Alijieleza kama alivyojua: wageni, katoni, ufunguo, selotepu. Jina hakulitaja. Alisema "bosi wa wakati ule," akimtazama mwenyekiti machoni. Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Ni miaka mingi sana," akasema kwa upole. "Mimi binafsi sikumbuki agizo kama hilo. Agizo la ofisi hii huwa na maandishi. Kuna yeyote anayekumbuka?"

Kidevu akaitwa. Aliingia amevaa shati la sherehe, kofia mkononi.

"Wewe ulipeleka katoni ya selotepu kwa huyu mama?"

"Mimi, mheshimiwa, nabeba kilichofungwa. Ndani kuna nini, anajua aliyefunga."

"Kulikuwa na mtu pale ulipoitua?"

Kidevu akaitazama kofia yake kama imeandikwa jibu. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na wa kuuongeza alikuwa ameketi mbele yake anafuta miwani.

"Nilitua nikaondoka, mheshimiwa. Mgongo ulikuwa unaniuma."

Mmoja wa kamati akachekea ndani ya kiganja. Hakuna aliyemuuliza Mama Gundi swali lingine.

Kesho yake mchana, Mtaalamu alirudi kutoka ghorofani na karatasi moja pamoja na kibweta cha wino. Akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hawakufukuzi," akasema. "Ni barua ya onyo tu. Ukiikubali kwa kidole, unabaki hapa hapa, kwenye kiti chako, tunaendelea kubandua. Nimeambiwa nikueleze kwa ufupi tu, kisha uweke kidole."

"Basi nieleze."

Msichana akaikodolea macho karatasi. Ungemwona ungedhani naye hajui kusoma.

"Nitakusomea yote, mama."

Akasoma. Mambo ya tarehe, mambo ya kanuni, jalada la kiwanja cha shule. Alipofika katikati akapunguza mwendo, akasoma neno moja moja: kwamba mtumishi huyu alibandika selotepu kwenye nyaraka za serikali kwa uamuzi wake mwenyewe, bila kuagizwa na mtu yeyote.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Ningeweza kuyaruka hayo," Mtaalamu alisema.

"Najua mwanangu. Hukuyaruka." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na ilimtoka tu. "Waambie nitajibu kesho."

Jioni alimkuta bintiye kibarazani akimsuka mteja. Binti alikuwa msusi, mdomo wake na vidole vyake vilikimbia kwa mwendo mmoja. Mama Gundi aliketi kwenye kizingiti akasimulia yote, mteja naye akisikiliza kichwa kikiwa kimeinamishwa.

"Mama, weka kidole," binti akasema. "Weka, urudi kwenye kiti chako. Unakumbuka magoti yako yalivyokuwa? Nilikuwa nakukanda mpaka na mimi viganja vinavimba."

"Wameandika sikuagizwa."

"Na waandike. Nani atasoma? Baba alikusema kila mtaa wewe mjinga, ulinyamaza. Mama yake alikusema, ulinyamaza. Leo hili ndilo limekukaa kooni?"

"Yale yalisemwa. Hili litaandikwa."

"Kuna tofauti gani?"

"Waliosema wamekufa au wamenyamaza. Karatasi haifi. Mimi ndiye ninayeitibu isife."

"Mwanangu, mama yako ana maneno," mteja akasema kutoka chini.

"Inama wewe, utavurugika mistari," binti akamjibu, akaendelea kusuka mpaka mteja alipoondoka. Ndipo akaja akaketi kizingitini naye. "Nilitaka ukae tu, mama. Angalau wewe uzeeke umekaa."

Hilo ndilo lililomwuma kuliko kamati yote. Kwa sababu hata yeye alitaka hivyo. Hakuwa na kiburi cha kusimama juu ya meza akapiga kelele. Alitaka kile kiti, sufuria yake, harufu ya wanga, mlango unaofungwa. Alitaka kuachwa.

Kwa hiyo asubuhi alipanda mwenyewe kwa Mkurugenzi, akipumzika kila kona ya ngazi. Akaamkia, akaitikiwa. Barua ilikuwa mezani, kibweta cha wino kimefunuliwa tayari.

"Mama Gundi! Karibu, karibu. Hili jambo dogo limekuzwa bure. Weka kidole tulimalize."

"Bosi, kuharibu niliharibu. Kwa mikono hii. Liacheni hilo liandikwe hata mara kumi. Ila yale maneno kwamba sikuagizwa, naomba uyatoe."

"Ni maneno ya kawaida tu ya kiofisi."

"Basi yakitoka hayatapunguza kitu."

Mkurugenzi akatabasamu, kisha akaacha. "Nikiyatoa wataniuliza nani aliagiza."

"Wasipouliza?"

"Watauliza." Akaangalia dirishani. "Mama Gundi, nani alikutoa kwenye ndoo? Nani alikupa kiti?"

"Wewe, bosi. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa hakimu. Jina lako silitaki humo. Pasiwe na jina. Paache patupu."

"Onyo linakaa ndani ya jalada lako. Jalada linakaa kwenye rafu. Hakuna mtu atakayelisoma maisha."

"Bosi," alisema Mama Gundi, na sauti yake haikupanda. Hakuwa na ya kupandisha. "Humu tunasomewa kila siku habari za watu waliokufa kabla sisi hatujazaliwa. Fulani mlevi. Fulani mwizi wa mbolea. Labda hakuiba. Nani atamwambia nani?"

Mkurugenzi alikisogeza kibweta cha wino mpaka kikamgusa mkono. Si kwa ukali. Alikisogeza kama mtu anayemsogezea mgeni maji.

"Uamuzi ni wako. Kidole, urudi kwenye kiti. Bila kidole, mimi sina la kukusaidia."

Alikitazama kidole gumba chake. Miaka ya wanga na kisu ilikuwa imekilainisha, kinang'aa kama kijiko. Akawaza ngazi: ghorofa zote zile, na mvua zikianza, matope ya kila mwenye kesi ya shamba. Akawaza viganja vya binti yake. Kwa muda mrefu kidogo, mtu angeweza kudhani ataweka. Na yeye mwenyewe alidhani ataweka.

Kisha akakikunja kidole ndani ya ngumi, na ngumi akaitia ndani ya mkunjo wa kanga.

"Nimechoka, bosi," akasema. "Nipe ndoo."

Hakuna aliyempigia makofi safari hii. Chumbani alivua aproni, akafuta meza, akaosha sufuria ingawa haikuwa chafu. Mtaalamu alisimama karibu na dirisha akichezea kofia ya kalamu.

"Nimewaandikia dokezo kwamba nakuhitaji," alisema.

"Watasaini?"

"Sidhani, mama."

"Basi angalau limeandikwa." Akamshika bega, akatoka.

Kidevu alimsubiri nje ya stoo ya mafagio. Mkataba alikuwa ameongezewa. Ilionekana hata kwa jinsi alivyonyoa. Akamchagulia ndoo isiyovuja, akamtafutia tambara jipya, akasimama hapo.

"Dada, nisamehe."

"Kusamehe nako ni kazi, Kidevu, na mimi leo nimepewa nyingine. Pisha."

Akaanza ngazi ya chini. Magoti yalikumbuka kabla yeye hajakumbuka. Siku za kwanza alirudi nyumbani akishikilia kuta, binti akamkanda bila kusema "si nilikwambia," na kwa msusi yule kunyamaza kulikuwa zawadi kubwa. Watu wa koridoni walizoea haraka. Wapya hawakujua hata kwamba aliwahi kukaa. Jina la Mama Gundi likamganda hivyo hivyo, mtu wa gundi asiye na gundi, na wenye kesi walimwuliza njia ya masjala huku wakikanyaga alipokwisha kupiga deki.

Mkurugenzi hupanda kwa ngazi hizo kila asubuhi. Zamani, Mama Gundi akiusikia mlio wa viatu vyake, shikamoo yake ilitangulia kumpokea. Siku moja ya mvua Mkurugenzi alimkuta kwenye kona ya ghorofa ya pili, ameinama, mgongo kwake. Akasimama nyuma yake na mwavuli unaochuruzika. Akangoja. Mwanamke akaendelea kusugua.

"Mama Gundi," akasema hatimaye, "hata salamu sasa?"

Mama Gundi akakamua tambara, maji meusi yakarudi ndooni. Hakugeuka.

"Hapo bado pabichi, bosi. Shika ukuta."

Mkurugenzi akauhamishia mwavuli mkono wa pili. Kisha akashika ukuta, akapanda polepole, na Mama Gundi akaishusha ndoo ngazi moja chini, akapiga goti.